Mzee Ana Nani? Namna ya Kupima Msaada wa Kijamii kwa Wazee Waishio Makaoni

Mada iliyotolewa mbele ya wazee, wanafamilia na watunzaji, Mwigobero, Musoma

Waheshimiwa wazee wetu, shikamooni. Ndugu wanafamilia, ndugu watunzaji, nanyi vijana mliowasindikiza wazee wenu hadi hapa, tunawasalimu na kuwashukuru kwa kufika.

Katika mazungumzo yetu na watumiaji wa huduma tumezoea kuwahimiza watazame uzito wa mfuko wa unga, tarehe ya mwisho ya kutumia dawa, na risiti ya fundi. Makazi ya wazee nayo ni huduma, iwe inatolewa na Serikali, na taasisi ya dini au na mtu binafsi. Familia inayokwenda kuyakagua aghalabu hutazama paa, kitanda, chandarua, choo na sufuria ya jikoni, na hufanya vema. Hata hivyo, limo jambo lisiloonekana kwa kupita milangoni, nalo ndilo lililotuleta hapa leo: mzee anayeishi mle ana nani? Nani humsikiliza, nani humsaidia, na ni nani angejua, kabla jua halijazama, kwamba leo hakuamka vizuri?

Swali hilo si la huruma tu. Mwaka 2010 watafiti wakiongozwa na Julianne Holt-Lunstad wa Marekani walikusanya matokeo ya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000. Waliona kwamba wenye mahusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi kwa takriban asilimia 50 ule wa wenye mahusiano dhaifu, katika muda uliofuatiliwa. Nyingi ya tafiti hizo zilifanywa katika nchi tajiri, nasi hatudai kwamba kiwango hicho kinahamia Musoma kama kilivyo. Inatosha kusema kwamba upweke una uzito wake katika afya ya mtu, na kwamba mkaguzi aliyehesabu vitanda bila kuuliza habari za watu hajamaliza kazi yake.

Hapa petu mfano ulio karibu ni Makazi ya Wazee Nyabange, wilayani Butiama, yaliyo chini ya Serikali. Kanda ya Ziwa kuna mengine: Bukumbi wilayani Misungwi, Kolandoto mkoani Shinyanga, na Kiilima mkoani Kagera. Ng'ambo ya bahari, Zanzibar, yapo Sebleni na Welezo kule Unguja. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, nayo inaiweka familia mbele katika matunzo. Makazi ni kimbilio la mwisho kwa asiye na wa kumtunza. Hapo ndipo ugumu wa kazi yetu unapoanza. Mtu anayepokelewa katika makazi ya Serikali amepokelewa kwa sababu imeonekana hana mtu. Kumuuliza tena siku ya pili ana nani ni kama kumuuliza aliyeunguliwa nyumba amelala chumba gani. Lazima tuulize, lakini tujue namna.

Tuanze na neno lenyewe. Wataalamu husema "msaada wa kijamii", nasi tumelichukua hivyo katika kichwa cha mada hii. Nenda nalo makaoni, ukamuulize bibi wa miaka 80, "Je, bibi, unapata msaada?" Atakujibu kwamba ndiyo, mwezi uliopita kikundi fulani kilileta sabuni, sukari na vitenge. Kwake msaada ni kitu kinacholetwa na gari. Hujamuuliza kuhusu watu. Umemuuliza kuhusu mizigo, naye amekujibu kwa uaminifu. Ukiliandika jibu lile katika fomu kwamba "msaada upo", umeandika uongo kwa mkono safi.

Vivyo hivyo neno "ndugu". Kwetu ni neno pana lenye heshima yake, hata sisi tumelitumia kuwasalimu. Mzee akiambiwa ataje ndugu zake anaweza kujibu, "Hapa sote ni ndugu," na ni kweli kwa namna yake, ila haikuambii kama yuko mtoto wa dada yake Kinesi au Majita anayejua hata kwamba yuko hai. Neno "rafiki" nalo lina miiba yake: wako kina mama wa umri mkubwa wanaoona haya kusema wana rafiki, hasa anayeuliza akiwa kijana wa kiume. Kwa hiyo tunashauri maneno haya ya jumla yawekwe kando, na mahali pake viulizwe vitendo. Juzi ulipoumwa mgongo, nani alikuletea maji ya kuoga? Ukiota ndoto mbaya, asubuhi unamsimulia nani? Nani alikuambia kwamba daktari wa macho atakuja? Ukiwa na neno zito moyoni, yuko mtu hapa unayeweza kumwambia na asilitangaze? Mara ya mwisho kusikia sauti ya mtu wa kwenu ilikuwa lini, wakati wa mahindi au kabla ya mvua?

Mtaona kwamba maswali hayo yanagusa mambo yasiyofanana. Liko la mikono, yaani kuogeshwa, kufuliwa, kusindikizwa zahanati. Liko la moyo, yaani kusikilizwa na kufarijiwa. Liko la habari. Na liko la heshima, ambalo twalitaja mwisho ingawa wazee wengi tuliozungumza nao hulitaja kwanza. Makazi yaweza kuwa na mikono ya kutosha na yasiwe na moyo hata kidogo. Chakula hufika kwa saa, nguo hufuliwa, na mzee hupitisha juma zima bila mtu kumwita kwa jina lake. Wote mle ni "babu" na "bibi". Ni maneno ya adabu, hatuyakatai, lakini mtunzaji asiyejua kwamba babu huyu ni nani, wa ukoo gani, na alikuwa fundi wa mitumbwi, anamtunza mtu asiyemjua. Nendeni mkasikilize jinsi wazee wanavyoamkiwa asubuhi. Kwa maoni yetu, ukaguzi wa robo saa pale uani wakati wa shikamoo hufundisha zaidi ya daftari la wageni.

Vipo pia vipimo vilivyotungwa na wataalamu, na si vibaya tukavijua. Kimoja kinachotumika sana ni kile cha James Lubben wa Marekani, ambacho katika toleo lake fupi la mwaka 2006 kina maswali sita. Matatu ni ya jamaa: ni wangapi unaoonana nao au kusikia habari zao walau mara moja kwa mwezi, ni wangapi unaoweza kuzungumza nao mambo yako ya siri, ni wangapi walio karibu nawe kiasi cha kuwaita wakusaidie. Matatu mengine ni hayo hayo, lakini ya marafiki. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0, kwa asiye na mtu, hadi 5, kwa mwenye watu tisa au zaidi. Jumla ya juu ni 30, na aliyepata chini ya 12 huhesabiwa kuwa katika hatari ya kutengwa.

Tuchukue mzee wa kufikirika. Jamaa anayesikia habari zake kila mwezi ni mmoja, alama 1. Wa kumwambia siri hana, alama 0. Wa kumwita amsaidie ni yule yule mmoja, alama 1. Upande wa marafiki, anaonana na watatu, ambao hupewa alama 3. Wawili anawaamini, alama 2. Na hao wawili anaweza kuwaita, alama 2. Jumla ni 9. Anayetazama jumla peke yake atasema mzee huyu ametengwa, na atakuwa ameishia nusu ya njia. Tazama sehemu mbili mbalimbali: jamaa wamempa 2 kati ya 15, marafiki wamempa 7. Kinachomshikilia mzee huyu ni wenzake wawili wa chumba cha pili. Endapo kesho familia itaamua kumhamishia makazi mengine yenye vitanda vipya, au uongozi ukawapanga upya wazee vyumbani kwa urahisi wa usafi, utakuwa umekatwa uzi pekee uliobaki. Hilo ndilo jambo tungependa kila mwanafamilia alijue kabla ya kutia saini karatasi ya uhamisho.

Lakini kipimo hicho kisifanywe mizani ya dhahabu. Mstari wa 12 ulipatikana kwa wazee wa Ulaya, katika miji ya Hamburg na London na eneo la Solothurn nchini Uswisi, nao walikuwa wakiishi majumbani mwao. Hawakuwa wa Mara, wala hawakuwa wakazi wa makao. Tukitumie kama tochi ya kuonyesha pa kutazama. Tena tukumbuke kwamba kinahesabu watu, hakipimi utamu au uchungu wa uhusiano. Mwana anayepiga simu kila mwezi ili kuuliza hati ya shamba iko wapi anahesabiwa sawasawa na anayepiga kumsikia baba yake.

Mkoa wetu una mambo yake ambayo fomu iliyotungwa mbali haiwezi kuyajua. Kwa Wakurya na baadhi ya majirani zao iko desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke mtu mzima, aghalabu asiye na mtoto wa kiume, humwoa mwanamke kijana, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake. Watu wana maoni mengi juu ya desturi hiyo na leo hatukuja kuiamua. Tunachosema ni kwamba bibi wa namna hiyo akiulizwa, "Una mume? Una watoto uliowazaa?" atajibu hapana mara mbili, na muulizaji ataandika kwamba hana mtu, kumbe iko nyumba nzima yenye wajukuu, ambayo pengine ingempokea kama ingetafutwa. Muulizeni mzee habari za nyumba yake, naye ataijenga mbele yenu kwa maneno yake.

Wapo pia waliozeekea mialoni. Ninyi wa Mwigobero mnawajua kuliko sisi: mtu aliyeondoka kwao kijana, akafuata samaki kutoka mwalo hadi mwalo na kisiwa hadi kisiwa, na nguvu zilipomwishia hakuwa na kijiji cha kurudi. Kwa mtu wa aina hii jamaa wa damu ni wachache, ila wako aliovuta nao nyavu. Hao hawamo katika kumbukumbu za ofisi yoyote. Wanapatikana kwa kuuliza hapa mwaloni, kwa wenye mitumbwi na kwa kina mama wa dagaa, na kwa wasafiri wa kivuko cha Kinesi. Tungependa kuona maofisa wakishuka kuuliza huku kabla ya kuandika neno "hana ndugu", kwa kuwa neno hilo likishaingia katika jalada halitoki kirahisi.

Liko jambo zito zaidi, nasi hatutalipita kwa sababu linachukiza. Katika Kanda ya Ziwa wako wazee, wengi wao wanawake, waliofukuzwa au kushambuliwa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa kisa cha macho mekundu tu, ambayo mpishi yeyote wa jiko la kuni anajua yanatokana na nini. Mzee wa namna hii akiulizwa kwa furaha, "Watu wa nyumbani wanakuja kukutembelea?" anaweza kunyamaza, au kutetemeka. Kwake mgeni kutoka nyumbani si lazima awe faraja. Muulizaji aanze kwa kuuliza, faraghani, kama yako majina ambayo mzee hapendi yafikishiwe habari zake, na majibu hayo yalindwe kama yanavyolindwa majibu ya hospitali. Familia zisizohusika zisione hilo kama tusi. Ni ulinzi wa uhai.

Na lugha. Mzee wa Kijita, wa Kizanaki au wa Kikwaya ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni ataweza kuomba maji na kusema anaumwa. Hataweza kukusimulia msiba wake. Kabla ya kusema mzee hapendi kuzungumza, uliza kama yuko hata mtu mmoja mle ndani anayesema lugha yake, na pia kama masikio yake yanasikia. Tumeona mara nyingi uziwi ukiitwa kiburi.

Sasa yale ya mtumiaji wa huduma hasa. Simu ya mzee iko kwa nani? Inachajiwa wapi, na je, lazima aombe ruhusa ili apige? Namba ya siri ya akaunti yake ya fedha ya simu inajulikana na nani? Yako makao ambayo mtunzaji mwema huzishika simu zote ili zisipotee. Hapo wema na hatari vimelala kitanda kimoja. Fedha ya mzee ikitumwa, aonyeshwe ujumbe au asomewe mbele ya mtu wa pili, na matumizi yaandikwe. Saa za kutembelewa ni zipi, na mtu aliyetoka Bunda kwa basi akichelewa hurudishwa getini? Mgeni anaweza kukaa na mzee mahali pasipo na mtunzaji akisikiliza? Vikundi vinavyoleta zawadi na kupiga picha, hasa karibu na tarehe 1 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Wazee, huomba idhini ya nani? Mzee ana haki ya kupokea sabuni bila kutoa uso wake. Tunawashukuru wanaoleta, na kama mtuulizavyo mara kwa mara, ndiyo, tungefurahi zaidi wakija pia mwezi Machi, wachache, mikono mitupu, wakakaa.

Jambo moja karibu vipimo vyote hulisahau, nalo ni kutoa. Huwa tunauliza mzee anapewa nini, na ni nadra kuuliza anatoa nini. Mtu aliyekuwa akishona nyavu kwa miaka arobaini, vidole vyake vikiwa bado vinaweza, akikalishwa kwenye benchi toka chai hadi ugali, amenyang'anywa kitu hata kama hakuna aliyekusudia kumnyang'anya. Uliza: nani hapa hukutegemea? Bibi anayemlisha mwenzake kipofu, babu anayejua siku za dawa za chumba kizima, huyu ana kamba imara kuliko anayetembelewa kila wiki na kunyamaza. Makao mazuri hutambulikana kwa bustani ambayo wazee wenyewe huibishania.

Mtauliza: tupime lini? Ushauri wetu ni kwamba mara ya kwanza iwe ndani ya mwezi wa kwanza, mzee akishazoea sauti za mahali, na aulizwe na mtu asiyemgawia chakula, kwani ni vigumu kumlalamikia anayeshika mwiko. Baada ya hapo irudiwe kila miezi michache, na daima baada ya tukio: ugonjwa, kuhamishwa chumba, na hasa kifo cha mwenzake. Ulizeni bila kuona haya: mzee akifiwa na jirani yake wa kitanda, huambiwa na nani, na hupewa nafasi ya kumzika? Yako mahali ambapo kitanda hutandikwa upya na habari huishia hapo, na walio hai hujifunza kutokana na hilo namna watakavyoondoka wao.

Hilo latupeleka kwenye swali ambalo familia hulikwepa. Mzee akifa atazikwa wapi, na nani atajulishwa? Wako wazee waliotueleza kwamba ndilo linalowanyima usingizi, kuliko njaa na kuliko maradhi. Katika fomu ya kumpokea mzee pawepo jina la wa kujulishwa, la pili kama wa kwanza hapatikani, na neno la mzee mwenyewe kuhusu maziko yake, kwa imani yake na mahali apendapo, likiandikwa angali na akili zake timamu. Makao ya kulipia yaseme mapema gharama ya kusafirisha mwili ni ya nani. Kama mkataba umenyamaza juu ya hilo, msitie saini mpaka useme.

Matokeo ya kupima yakionyesha kasoro, mlango wa kwanza ni mfawidhi wa makazi, kwa heshima na kwa maandishi, mkibaki na nakala. Wa pili ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye kwa makazi ya Serikali pia ndiye njia ya kufika kwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Kukiwa na uvunjaji wa haki usioshughulikiwa, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bila malipo. Kipigo, wizi au kunyimwa chakula visingoje milango hiyo. Hayo ni ya polisi siku hiyo hiyo. Na kabla ya kulalamika, mwambieni mzee, mkamsikilize. Yeye ndiye atakayelala pale usiku baada ya ninyi kupanda basi, na akisema subirini kwanza, ana sababu zake.

Maswali tuliyoyataja tumeyaandika kwa herufi kubwa kwenye kurasa za mwisho za kijitabu hiki. Wenye Kijita, Kikwaya na Kikurya mbele yetu, tunaomba mbaki kidogo tuyapitie pamoja, maana neno "siri" lilitutatiza katika lugha zote tatu. Wazee waanze kuuliza, kisha wengine.